Jinsi Nilivyoihamisha Alama ya Mzee Nkuwi

Vijana wangu, siku niliyostaafu ofisi ilinifanyia sherehe. Palikuwa na wali na soda, na mkubwa wa ofisi alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote ya ukarani na ukalimani hapa Singida, hakuna hati yangu hata moja iliyowahi kupelekwa mahakamani kulalamikiwa. Watu wakapiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, wakadhani naona haya kwa kusifiwa. Haya niliona kweli, ila sababu yake hawakuijua.

Ni kweli hakuna hati iliyofika mahakamani. Ipo moja iliyopaswa kufika, na mimi ndiye niliyeizuia njiani. Ninyi mnaokuja hapa nyumbani kunipa shikamoo na kuniuliza mambo ya kazi, huwa nawachekesha kwa visa vya zamani halafu mnakwenda zenu mmeridhika. Kisa hiki huwa nakiruka. Leo nakiandika, maana nimeona mdomo wangu hautakisema.

Enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita ya Hitla, nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mjini Singida. Wakili mwenyewe alijua Kiingereza cha mahakamani na Kiswahili cha sokoni, lakini Kinyaturu hakujua hata salamu. Wateja wa vijijini, wengi wao wazee wasiojua Kiswahili cha kutosha, aliwasikia kupitia kwangu. Mimi Mnyaturu, nimenyonya na lugha hiyo. Nilikuwa na nguvu kubwa pale ofisini na sikujua kwamba ni nguvu.

Kazi zetu zilikuwa za kila namna, na mojawapo ilikuwa alama za biashara. Vijana wa leo mnaiogopa kazi hii kwa sababu alama haishikiki. Shamba lina mipaka, ng'ombe ana pembe, lakini alama ni haki tu iliyoandikwa katika daftari la Msajili kule Dar es Salaam. Ukitaka ihame kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, unaandika hati. Anayetoa anatia sahihi au anapiga dole gumba, anayepokea anatia sahihi, shahidi naye anatia ya kwake, unabandika stempu za ushuru, kisha unaituma kwa Msajili pamoja na ombi. Msajili akiridhika anaandika jina la mwenyewe mpya. Kuanzia siku hiyo mwenyewe wa zamani hana ruhusa ya kuuza kitu chini ya alama hiyo, hata kama aliibuni yeye.

Mimi sikuzaliwa naijua kazi hii. Mwaka wangu wa kwanza mteja mmoja wa Itigi alitaka kusajili alama ya nta yake. Masharti yalidai picha ya alama. Nikajiona mwerevu: picha ya nini na kitu chenyewe kipo? Nikalifunga bonge zima la nta, alama imekandamizwa juu yake vizuri kabisa, nikalipeleka posta. Likapanda lori mpaka Manyoni, likapanda treni, likalaliwa na mizigo kwenye joto la behewa mpaka pwani. Baada ya muda ikaja barua ya Msajili, ya adabu sana, ikieleza kwamba kilichofika ni kitu bapa cha manjano kisicho na alama yoyote, kimeng'ang'ania barua za watu wengine, na kwamba wangeshukuru sana kupata mchoro. Bwana Zakaria aliibandika barua hiyo ukutani juu ya meza yangu. Kila mteja aliyejua kusoma aliisoma akicheka.

Huyu Bwana Zakaria alikuwa karani mkuu, Mnyiramba wa Ulemo, mrefu, mkavu, mtu wa kanisani asiyekunywa hata togwa iliyolala. Yeye ndiye aliyenifundisha. Hakunifundisha kwa hotuba. Alinifundisha kwa kuniharibia. Nikimaliza hati yeye anaisoma kuanzia chini kwenda juu, maana alisema mtu aliyeandika huchoka mwishoni na hapo ndipo makosa hujificha. Alinizuia kuwakalisha anayetoa na anayepokea kwenye benchi moja, kwa sababu mtu aliyekaa bega kwa bega na tajiri hawezi kuuliza swali. Alinitaka nianze kumweleza mteja jambo litakalomuuma, kabla ya yale matamu.

Na kubwa kuliko yote lilikuwa hili. "Bwana mdogo," aliniambia, "mtu mzima usimuulize kama ameelewa. Wazee wetu hawakubali mbele ya wageni kwamba jambo limewapita. Atakwambia ndiyo, ili asikuaibishe wewe uliyeeleza. Mwambie akurudishie."

Kurudisha kulikuwa hivi: ukishamsomea mzee hati kwa lugha yake, unamwambia, "Sasa mzee, nieleze mimi kama vile mimi ndiye nisiyejua." Anapoeleza unasikiliza. Akirudisha sawasawa, wino. Akikosea, unaanza upya, hata mara tano, hata kama mnunuzi anaguna na lori linapiga honi nje.

Chini ya kila hati ya mtu asiyejua kusoma palikuwa na mistari ya mkalimani, inayosema kwamba hati hii imesomwa na kufafanuliwa kwa lugha anayoijua mhusika, naye ameonekana kuielewa kabla ya kupiga dole gumba lake. Halafu jina la mkalimani na sahihi. Makarani wengi waliiona kama mapambo. Bwana Zakaria alisema mistari hiyo ndiyo hati yenyewe, na yaliyoandikwa juu yake yote yanaisubiri. Siku hizi mna mashine za fotokopi na fomu zilizokwisha kuchapwa, lakini mistari hiyo bado ipo. Nimewaona mnaijaza huku mnapiga soga.

Sasa Mzee Nkuwi.

Alikuwa mfuga nyuki wa Mgori. Mizinga yake ya magogo ilitundikwa ndani ya msitu, mingine na yeye, mingine na baba yake, mingine na babu yake. Kila mzinga ulichongwa alama ya ukoo wao, unyayo wa korongo: mistari mitatu inayokutana chini. Wenye asili ya huko mnajua. Mzinga hauna kufuli, na mwenyewe anaweza kukaa miezi hajaufikia. Kinachoulinda ni ile alama. Mpita njia akiiona haugusi, hata kama asali inadondoka. Mzinga usio na alama ni wa porini, na atakayeuwahi ni wake.

Na alama kwetu huazimwa. Mtu ambaye ukoo wake haujulikani msituni humwendea mwenye alama, naye hampi hivi hivi. Mwazimaji haji mikono mitupu. Akikubaliwa anachonga alama ile kwenye mizinga yake na watu wanamheshimu. Siku mwenye alama akiitaka, anakwenda na mzee mmoja wa kushuhudia, na mwazimaji anachukua panga anaikwangua mizingani mbele yao. Hakuna ugomvi. Jambo hili nililijua tangu utotoni, msije mkasema labda sikulijua.

Mzee Nkuwi alikuwa pia na kibao alichokichonga unyayo uleule, cha kugongea mabonge ya nta yake. Nta ya unyayo wa korongo ilijulikana sokoni Singida. Haikuwa na mchanga ndani, haikuchanganywa na mafuta, wanunuzi walikuwa hawaikati kuipima. Bwana Misitu mmoja, Mwingereza aliyependa nyuki kuliko alivyopenda watu, alimsaidia mzee kuisajili alama hiyo kwa nta na asali. Cheti chake mzee alikihifadhi kwenye kopo la chai, kifuniko kimezibwa kwa nta.

Akatokea tajiri mmoja wa Manyoni aliyekuwa akinunua nta kutoka kila pembe na kuipakia kwenye treni. Jina lake silitaji. Ana wajukuu, nao hawakunikosea. Nta yake ilikuwa mchanganyiko wa kila kitu, na alitaka sifa. Alimwendea Mzee Nkuwi, wakazungumza kwa Kiswahili cha kubahatisha, kila mmoja akasikia alichotaka kusikia, wakaja ofisini kwetu kuandikiana.

Bwana Zakaria hakuwepo. Alikuwa Ulemo akimuuguza mama yake. Faili likaangukia kwangu, nami nilifurahi, nikaona sasa nitaonekana. Nikaandika hati ya kuhamisha alama. Alama tu. Na sheria ya wakati ule haikuruhusu alama itembee peke yake. Ilitaka ihame pamoja na sifa ya biashara, yaani biashara yenyewe na ule uaminifu wa wateja wake, ili watu wasije kuuziwa kingine chini ya alama waliyoizoea. Nilikuwa nimefundishwa hivyo kwa kinywa na kwa maandishi. Nikasahau. Siku hiyo nilimsomea Mzee Nkuwi mbio mbio, akapiga dole gumba. Kurudishiwa sikukukumbuka wala sikumbuki alikaa wapi.

Msajili akairudisha hati. Haikubaliki bila sifa ya biashara.

Wakili alinisimamisha mbele ya yule tajiri. "Kwanza ulituma nta imekuwa chapati," akasema. "Sasa umetuma hati isiyo na miguu. Safari ya tatu utatuma nini?" Tajiri akacheka kwa sauti. Wakili hakucheka. Akaniambia hati hii ikirudi tena, au huyu mzee akigeuka, kesho yake nisije kazini. Kila jioni nilipita barabarani na shati langu jeupe na kalamu mfukoni, watu wakaniita Bwana Karani; sasa nilijiona nikirudi kijijini kushika jembe, na wale wale wakinichungulia. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa. Si njaa, ni kuchekwa.

Nikaandika hati ya pili, safari hii ikiwa kamili: alama, pamoja na sifa yote ya biashara ya nta na asali, moja kwa moja na kwa daima, kwa yule tajiri na warithi wake. Nikamtumia mzee ujumbe kwa dereva wa lori, naye akaja, amevaa koti juu ya shuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia karatasi yetu imeugua."

"Imeugua kidogo, baba. Leo tunaitibu."

Akacheka, nami nikacheka naye. Wakili alikuwa mezani kwake, tajiri kwenye kiti karibu na mlango, kofia gotini. Nilimsomea mzee hati kwa Kinyaturu. Sikuongeza neno wala sikuruka neno, na kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo. Lakini neno "daima" nililisema katikati ya maneno mengine, kwa sauti ile ile niliyosomea tarehe. Nilianza na yale matamu. Halafu, kwa mazoea tu, maana ulimi ulikuwa umezoea, nikamwambia, "Sasa nieleze mimi, baba."

Mzee akajiweka sawa kitini. Alifurahi kuulizwa. "Nimekuelewa, mwanangu. Huyu bwana hana msitu. Namwazima unyayo wetu aupige kwenye nta yake, watu wamheshimu kama wanavyotuheshimu sisi. Mimi na wanangu tunaendelea na yetu kama siku zote. Siku nikiutaka nitakuja na mzee mwenzangu, naye ataukwangua. Si ndivyo?"

"Anasemaje?" aliuliza Wakili.

Nilikuwa na maneno mawili ya kusema: bado hajaelewa. Yangemaliza kila kitu. Ningemweleza upya, mzee angeinuka, angeniaga vizuri, angerudi Mgori na cheti chake. Tajiri angekwenda zake. Na mimi ningevua lile shati jeupe.

Nikamgeukia mzee, nikamjibu kwa lugha ya mama yangu, "Ndivyo, baba."

Kisha nikamgeukia Wakili. "Anasema ameelewa."

Nilimshika mzee mkono, nikampaka wino gumbani, nikalibonyeza dole lake mahali pake. Mkono ulikuwa mgumu, una makovu ya moshi na kuumwa na nyuki. Akachukua malipo yake kwa moyo mweupe, kama heshima ya mwazimaji. Kisha nikatia sahihi yangu chini ya mistari ya mkalimani, na ilikuwa sahihi nzuri, yenye mkia mrefu.

Wapo watakaosema nilikuwa kijana, nilibanwa, wakubwa walikuwa wamenikalia kooni. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo nikiwa peke yangu. Hayanisaidii. Hakuna aliyeniambia nidanganye. Wakili aliniuliza swali la wazi, na kama ningemjibu ukweli angekasirika tu. Mzee naye aliniuliza swali la wazi. Waliohitaji jibu walikuwa wawili, na wote wawili niliwadanganya, kila mmoja kwa lugha yake.

Bwana Zakaria aliporudi kutoka Ulemo alilichukua faili akalisoma kutoka chini kwenda juu, kama kawaida yake. Akasimama kwenye sahihi yangu.

"Alikurudishia?"

"Alinirudishia."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Akanipiga bega. Siku hiyo hiyo alibandua ukutani ile barua ya Msajili ya nta iliyobondeka, akaichana, akasema sasa nimekuwa karani. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka akaniita.

Hati ilikubaliwa. Jina la tajiri likaandikwa daftarini. Miezi ikapita kimya, na mimi nikaanza kuamini kwamba mambo yatajipanga yenyewe. Halafu wakati wa nta ukafika, na Salimu, mtoto mkubwa wa Mzee Nkuwi, akaleta mabonge yao sokoni Singida yamegongwa unyayo wa korongo kama miaka yote. Wakala wa tajiri akamzuia mbele ya watu, akamwita mwizi wa alama. Tajiri akaja kwa Wakili kutaka barua ya onyo. Barua niliichapa mimi, kwa mashine ya taipu, nakala mbili za kaboni. Ilimtaka Mzee Nkuwi na watu wake waache mara moja kuitumia alama hiyo kwa namna yoyote.

Salimu alikuja ofisini baada ya siku kadhaa. Alisimama nje ya dirisha, hakutaka kuingia.

"Mzee hajambo?" nilimuuliza.

"Amekwangua," akasema.

"Amekwangua nini?"

"Mizinga. Mwalimu wa kijijini alimsomea barua yenu. Akauliza mara mbili kama alama sasa ni ya yule bwana. Mwalimu akasema ndivyo ilivyoandikwa. Basi akachukua panga akaingia msituni. Tulimshika, akatufukuza. Anasema mtu asiyekuwa na alama hakai nayo mzingani, yeye hatangoja kuletewa mzee wa kushuhudia. Ameimaliza yote, hata ya babu." Akatazama chini. "Watu wameshaanza kurina asali yetu. Mmoja mzinga wa babu ameuchonga alama yake."

Na hati ile haikuwa na habari na mizinga! Haki ile ilikuwa ya sokoni tu, ya nta na asali zinazouzwa. Msituni mzee angeweza kuchonga unyayo wa korongo kwenye kila gogo la Mgori na asingetokea askari wa kumgusa. Mwanasheria yeyote angejua hivyo. Lakini mzee hakuwa na mwanasheria. Alikuwa na sheria ya kwao, naye aliifuata mpaka mwisho. Mkosi ulikuwa kwamba kati ya sheria zile mbili alikaa mtu mmoja aliyezijua zote, naye alikuwa kimya.

Njia ya kurudisha ilikuwepo. Hati iliyopigwa dole gumba na mtu asiyeielewa inaweza kupingwa ikafutwa. Lakini nani aseme kwamba hakuielewa? Siku ile watu watatu walimsikia mzee akiongea, na aliyejua Kinyaturu alikuwa mmoja. Bila kiapo cha mkalimani palikuwa hakuna kesi. Kwa kiapo changu alama ingerudi, na mimi kazi ingekwisha, labda na kifungo juu yake.

Jumamosi mchana, ofisi ikiwa imefungwa, nilikaa peke yangu nikakichapa kiapo. Ukurasa mmoja. Mimi fulani, mkalimani, naapa na kusema kwamba siku ile mhusika alinieleza kuwa anaiazimisha tu alama yake, nami nikamthibitishia hivyo nikijua si kweli. Nilikikunja nikakitia mfuko wa ndani wa koti. Jumapili alfajiri nikapanda baiskeli kwenda Mgori. Nilipanga nimsomee mzee kwanza, kwa Kinyaturu, kisha Jumatatu nikaape mbele ya hakimu. Njia nzima nilikuwa nakariri sentensi ya kwanza.

Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, anachonga mwiko. Alama ya panga ilikuwa kwenye kiganja chake, malengelenge yaliyopasuka. Akanipokea baiskeli, akaniletea kigoda, akamwita mkamwana alete maji. Nilipofungua mdomo kusema, aliinua mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Wewe umetoka mbali, lakini mimi ndiye mwenye neno. Nilikuwa nataka nije mjini kwako, miguu tu haitaki."

Nikapokea maji.

"Nimewasumbua," akasema. "Mlinieleza vizuri, na mimi nikaendelea kugonga nta kama mtu asiye na masikio. Mpaka mkaniandikia barua. Watoto hawa wanasema tulidanganywa. Nimewakataza. Nimewaambia, yule kijana ni wa kwetu, alinisomea kwa lugha ya mama yake, mtu hawezi kumdanganya mzee kwa lugha hiyo. Nimefikiri siku nyingi, nimeona kosa ni la masikio yangu. Uzee. Nilisikia kuazima mahali ambapo hapakusemwa kuazima. Basi nisamehe, na mkubwa wako mwambie anisamehe."

Kiapo kilikuwa hapa, juu ya moyo. Nilikisikia kikikwaruza kila nilipovuta pumzi. Nilichotakiwa kufanya ni kutia mkono mfukoni. Lakini ningekitoa, mzee yule angejua kwamba lipo jambo alilosema haliwezekani, na mtu aliyeliweza alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anakunywa maji yake. Nilimtazama usoni, nikaona ananitazama kwa upendo kabisa, na nikashindwa kuvumilia uso ule ubadilike. Nilijiambia namhurumia yeye. Nilikuwa najihurumia mimi.

"Haina neno, baba," nikasema. "Yamekwisha."

Alifurahi. Akamwambia mkamwana akamate kuku, jike la mayai, akamfunga miguu kwa kamba ya katani na kumning'iniza yeye mwenyewe kwenye usukani wa baiskeli yangu. Nilikataa, akasema mtu aliyesamehe haondoki mikono mitupu. Salimu alikuwa amesimama ukingoni mwa ua, hakuniaga.

Mzee Nkuwi aliishi mpaka mavuno ya mwaka uliofuata. Alama ilibaki ya tajiri mpaka biashara yake ilipokufa. Mimi nilipanda cheo mara mbili.

Jumapili ile nilifika nyumbani jua lingali juu. Mke wangu alimpokea kuku kwa furaha akauliza tunasherehekea nini, na alipokosa karatasi ya kuwashia moto nikampa ile ya mfukoni. Akapika. Nilikula paja, na mchuzi nikaongezewa.